Namna ya Kutafsiri "Sharp" Bila Kukimbilia "-kali"

Mfasiri anapokutana na neno la Kiingereza "sharp" mara nyingi hushika "-kali" kabla hajamaliza kusoma sentensi. Kwa kisu, wembe na maneno ya kuudhi hakosei. Akifika kwenye picha, mchoro wa bei, saa ya mkutano au maumivu ya mgonjwa, maana inamponyoka, na pengine hajui, kwa sababu sentensi yake ya Kiswahili inasomeka vizuri tu. Kosa la namna hii ni baya kuliko la sarufi. Mhariri asiye na matini ya Kiingereza mkononi hawezi kuliona.

Kiini cha "sharp" ni ukingo mwembamba: mahali ambapo kitu kinaishia papo hapo na kingine kinaanza. Ndiyo maana Waingereza wanaliweka neno hilohilo kwenye kisu, kwenye picha inayoonekana wazi, kwenye kona inayopinda ghafla na kwenye saa isiyozidi wala kupungua dakika. Kiini cha "-kali" ni nguvu inayouma, inayochoma au inayotisha: jua, mbwa, pombe, sheria, baridi. Maneno haya mawili yanakutana pale ukingo unapouma. Nje ya hapo kila moja lina njia yake.

Anza na nomino, kisha uliza kinyume chake

Usitafute kisawe cha "sharp" likiwa peke yake. Tazama nomino inayolifuata, halafu jiulize: hiki kisingekuwa "sharp", Mwingereza angekiitaje? Kinyume ndicho kinachofichua maana iliyokusudiwa.

Kinyume cha kisu ni "blunt", yaani butu. Kinyume cha picha ni "blurred", yaani yenye ukungu. Kinyume cha ongezeko la bei ni "gradual", la polepole. Cha maumivu ni "dull", ya chinichini. Cha akili ni "slow", kichwa kizito. Cha kona ni "gentle", kona inayopinda taratibu. Cha jibini ni "mild", lenye ladha hafifu. Cha noti ya muziki ni "flat", iliyoshushwa. Hivyo ni vinyume vinane, na katika Kiswahili kila kimoja kina neno lake. Ukishapata kinyume cha Kiswahili, geuza: picha isiyo na ukungu ni picha safi, inayoonekana wazi. Ongezeko lisilo la polepole ni la ghafla. Mtu asiye na kichwa kizito ni mwepesi wa kuelewa.

Chukua sentensi hii: "A sharp rise in prices drew sharp criticism." Neno limejirudia mara mbili, na mfasiri mvivu ataandika "ongezeko kali la bei lilileta ukosoaji mkali". Nusu ya pili iko sawa. Nusu ya kwanza inaeleweka, lakini inasema bei zinaumiza, wakati mwandishi alisema zilipanda kwa mkupuo. Tafsiri iliyo salama ni: "Bei zilipanda ghafla, na ukosoaji mkali ukafuata." Angalia pia kwamba "rise" imegeuka kitenzi. Kiswahili hupenda kutenda, na kivumishi cha Kiingereza mara nyingi hutulia vizuri kikigeuzwa kielezi kando ya kitenzi.

Vinavyokata na vinavyochoma

Hapa ndipo nyumbani kwa "-kali", ila kuna mgawanyo ambao Kiingereza hakiulizi na Kiswahili kinauliza: je, kitu kina makali au kina ncha? Kisu, shoka, panga na wembe vina makali, yaani ukingo unaokata kwa urefu wake. Sindano, mwiba na msumari vina ncha, mahali pamoja panapochoma. "A sharp knife" ni kisu kikali. "A sharp needle" ni sindano yenye ncha kali. Ukisema "sindano kali", msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia dawa iliyomo ndani yake, kwamba inauma ikiingia.

Penseli haina ukali wowote. Imechongoka au imechongwa vizuri, na kifaa chake ni kichongeo. Kisu hunolewa, penseli huchongwa, ingawa Kiingereza huviita vyote "sharpen". Pembe ya meza inayoweza kumuumiza mtoto ni pembe iliyochongoka. Neno "pembe kali" liachie hisabati, ambako ndilo jina la pembe iliyo chini ya nyuzi 90, mwenzake pembe butu. Tena katika hisabati Kiingereza hakitumii "sharp" bali "acute", neno lililotoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kunoa. Wazo ni lilelile, vazi ndilo jingine.

Katika maandishi ya afya, "sharps" zikiwa nomino ya wingi zimezoeleka kuwa "vitu vyenye ncha kali". Istilahi hii inatosha kwenye kichwa cha habari. Ila unapoandika maelekezo kwa mtu anayekusanya taka, ongeza orodha: sindano, nyembe, vichupa vya dawa vilivyovunjika. Wembe na kigae cha chupa vina makali zaidi kuliko ncha, na mtu anayesoma kwa makini anaweza kuviacha nje kwa kuwa jina halivitaji.

Visawe vya Kiingereza katika kundi hili havilingani. "Pointed" husema ncha tu. Kitu kinaweza kuwa "pointed" na bado kikawa butu, kama kofia ya mchawi wa kwenye katuni. "Keen" ikiwekwa kwenye makali ni ya kishairi. Siku hizi msomaji akiiona ataelewa "mwenye hamu" kwanza. "Jagged" ni ukingo wenye meno meno yasiyo sawa, kama bati lililochanika.

Upatanisho wa kisarufi huteleza hapa mara kwa mara, kwa hiyo shika umbo: kisu kikali, visu vikali, wembe mkali, nyembe kali, jino kali, meno makali, shoka kali, mashoka makali, ulimi mkali, ndimi kali. Katika ngeli ya I-ZI "-kali" haliongezewi kitu: akili kali, kona kali, kwa umoja na kwa wingi. Na uangalie "makali" lisikuchanganye. Likiwa nomino ni ukingo wa kisu, au ugumu, kama katika "makali ya maisha". Likiwa kivumishi linafuata nomino ya ngeli ya LI-YA, kama "maneno makali".

Maumivu: mahali pa kutulia

Hapa ndipo kosa lina gharama kubwa. "-kali" likikaa na maumivu linapima kiasi. Maumivu makali ni maumivu mengi. "Sharp" likikaa na "pain" linaeleza aina: maumivu yaliyojikusanya mahali pamoja, yanayokuja kama kuchomwa. Ushahidi ni mwepesi kuupata. Kwa Kiingereza mtu anaweza kusema "a mild sharp pain", yaani anachomwa kidogo tu. Jaribu kusema "maumivu makali kidogo" kwa maana hiyo uone kama mgonjwa atakuelewa.

Sasa fikiria dodoso la hospitali. Swali la kwanza linamtaka mgonjwa apime maumivu kuanzia 0 hadi 10. Swali la pili linauliza yakoje, na kumpa machaguo manne: "sharp", "dull", "burning", "throbbing". Mfasiri akiandika "makali" kwenye chaguo la kwanza, mgonjwa mwenye maumivu mazito ya kubana ataweka alama hapo, kwa sababu kweli yanamuuma sana. Daktari atasoma kwamba anachomwa. Tofauti hiyo ina uzito. Maumivu ya mshtuko wa moyo mara nyingi huelezwa kama kubanwa au kugandamizwa kifuani, ilhali maumivu ya utando wa mapafu uliovimba hufanana na kuchomwa na huzidi mgonjwa anapovuta pumzi.

Dawa ya tatizo iko kwenye kulinganisha, lakini nayo ina shimo lake. Kitenzi "kuchoma" kwa Kiswahili kinabeba mambo mawili: moto unachoma na mwiba unachoma. Ukiandika "maumivu ya kuchoma" umechanganya "sharp" na "burning" katika chungu kimoja. Taja kinachochoma:

"Sharp" – kama unachomwa na sindano au kisu.
"Burning" – kama unaungua moto, au kama umepakwa pilipili.
"Throbbing" – yanapwita, yanakuja na kuondoka kwa mapigo.
"Dull" – ya chinichini, hayaishi, na huwezi kuonyesha kwa kidole kimoja yalipo.

Neno "kichomi" linavutia kwa ufupi wake, na kwa maumivu ya ubavuni linafaa. Tatizo ni kwamba wengi wanalisikia kama jina la ugonjwa, nimonia, kwa hiyo usilitumie kwenye dodoso. "Stabbing", "piercing" na "shooting" ni visawe vya "sharp" vilivyo mahususi zaidi. Viwili vya kwanza vinaingia kwenye "kama unachomwa kisu". "Shooting" ni maumivu yanayokimbia kutoka sehemu moja hadi nyingine, mfano kutoka kiunoni kushuka mguuni, na yanastahili kuelezwa hivyohivyo: "yanayokimbia".

"Acute" halimo katika orodha hii, ingawa kamusi za visawe huliweka humo. Katika tiba linaeleza muda: ugonjwa uliokuja ghafla na wa kipindi kifupi, kinyume cha ugonjwa sugu. Na "severe" linaeleza uzito. Maneno yote mawili yanaivuta "-kali" kwa nguvu, na yakikaa pamoja mfasiri hubanwa. Mfano unaojulikana ni SARS, ugonjwa wa kupumua uliozuka mwishoni mwa 2002, ambao jina lake kamili la Kiingereza linaanza na "severe acute". Gawa kazi: "mkali" kwa uzito, "wa ghafla" kwa muda. Usiache hata kimoja kwa kudhani ni marudio.

Mtu, ulimi wake na mavazi yake

"He is sharp" ni sifa. "Yeye ni mkali" ni onyo, isipokuwa katika lugha ya mtaani, ambako mkali ni bingwa wa jambo lake. Kwa maandishi ya kawaida tumia mwerevu, mwepesi wa kuelewa, au mwenye akili kali ukitaka kuubakiza ule mguso wa ukingo. Mtaani wapo wanaosema "yuko shapu", na katika mazungumzo ya vijana ni tafsiri halali kabisa. Katika ripoti ya kazi haikai.

Visawe vya Kiingereza hapa vinatofautiana kwa maadili, na Kiswahili kinazo ngazi zake. "Clever" ni mwerevu tu. "Astute" na "shrewd" ni mtu anayejua kupima mambo ya dunia, hasa fedha na siasa, asidanganyike; "mjuzi wa mambo" au "mwenye kuona mbali" inakaribia. "Cunning" na "crafty" ni mjanja, na hapo pana harufu ya hila. Ukimwita "mjanja" mtu ambaye matini ilimsifu kuwa "shrewd", umemshushia heshima. Kwa upande mwingine, "sharp practice" ni hila kweli: biashara isiyovunja sheria waziwazi lakini isiyo ya uaminifu. "Ujanja ujanja" inaipata barabara.

"A sharp tongue" ni ulimi mkali, na "sharp words" ni maneno makali. Lugha hizi mbili zimepatana kabisa, furahia na upite.

Mavazi ni tofauti. "You look sharp" ni umependeza, au kwa mwanamume, u mtanashati. Ondoa "you" na uweke alama ya mshangao: "Look sharp!" Kwa Mwingereza hiyo ni amri, maana yake fanya haraka, changamka. Tofauti ya neno moja imegeuza sifa kuwa kemeo, na katika manukuu ya filamu, ambako mfasiri haoni mara zote nani anasema na nani, kosa hili hutokea kirahisi. Tazama picha yenyewe kabla ya kuamua.

Ghafla

Kwa mabadiliko ya idadi na mwelekeo, "sharp" ni ghafla, kwa kasi, au kwa kiasi kikubwa. Maana hizi tatu si moja. "A sharp fall" katika ripoti ya fedha kwa kawaida hubeba kasi na ukubwa pamoja, kwa hiyo "zilishuka sana kwa muda mfupi" ni bora kuliko "zilishuka ghafla" kama matini inataja miezi mitatu. Kitu hakishuki ghafla kwa miezi mitatu.

Kielezi "sharply" ndicho kinachovuruga wengi. "Alimjibu kwa ukali" ni sahihi kwa sababu kuna sauti na hisia. "Mauzo yalishuka kwa ukali" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "A sharp intake of breath" ni kuvuta pumzi kwa ghafla, kushtuka. Barabara ndiyo inayokubali yote mawili: "a sharp bend" ni kona kali, msemo wa kila dereva, na "the road turns sharply" ni barabara inapinda ghafla.

Picha, na vyote vyenye mipaka iliyo wazi

Hapa epuka "-kali" moja kwa moja. "Picha kali" katika Kiswahili cha sasa ni picha ya kuvutia, iliyotia fora. Mtu anayeuza kamera akiandika kwamba inapiga "picha kali", amesifu uzuri, hajasema lolote kuhusu lenzi. Andika "picha safi, isiyo na ukungu" au "picha ambayo kila mstari unaonekana".

Programu za kuhariri picha zina kitufe cha "sharpen", na kukiita "noa" kwa Kiswahili hakumsaidii mtumiaji. Kinachofanyika ni programu kuongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye kingo za vitu. Haiongezi undani uliokosekana wakati wa kupiga, na ikizidishwa huacha utepe mweupe kuzunguka kingo. Kwa hiyo "bainisha" ndilo neno linaloeleza kazi hiyo. "A sharp contrast" nayo ni tofauti iliyo wazi, na "a sharp distinction" ni kutenganisha bayana.

Ladha, saa na noti

Katika chakula "sharp" ni uchachu au ukali unaosisimua ulimi: ndimu, siki, jibini lililokomaa. "-chachu" na "-kali" zote zinafaa, kutegemea kama ni tindikali au nguvu ya ladha. Pilipili haimo. Mwingereza huiita "hot", kwa hiyo "sharp pepper" ni kosa la Mswahili anayerudi upande wa pili. Inafurahisha kwamba Mjerumani, ambaye neno lake "scharf" ni ndugu wa damu wa "sharp", anaiita pilipili kwa neno hilohilo kama sisi.

"Eight o'clock sharp" ni saa mbili kamili. Tofauti ya saa sita kati ya hesabu ya Kiingereza na ya Kiswahili isikuponyoke kwa kushughulishwa na kivumishi. Pia "kamili" hutaja saa tu, wakati "sharp" hudai watu wafike kwa wakati. Kwenye mwaliko ongeza "bila kuchelewa".

Katika muziki "sharp" ni noti iliyopandishwa nusu toni, na kwa mwimbaji aliyezidi kidogo ni "sauti imepanda". Alama yake ♯ si ile # ya simu, ingawa lugha ya programu C# huandikwa kwa ile ya simu na kusomwa "C sharp". Jina hilo usilitafsiri.

Unaporudi kutoka Kiswahili

Kila "-kali" inayokwenda Kiingereza itilie shaka kwanza. Mbwa mkali ni "fierce" au "vicious". Mwalimu mkali ni "strict". Sheria kali ni "strict" au "stringent", adhabu kali ni "harsh" au "severe", onyo kali ni "stern". Jua kali ni "scorching", baridi kali ni "bitter", upepo mkali ni "strong", mwanga mkali ni "bright", na ukiumiza macho, "glaring". Pombe kali ni "spirits", nomino kabisa. Ulinzi mkali ni "tight", ushindani mkali ni "stiff" au "fierce", harufu kali ni "pungent" au "strong", sumu kali ni "deadly". Katika msururu wote huo "sharp" halikuhitajika hata mara moja.

Ukimaliza, mpe tafsiri yako mtu asiyejua Kiingereza na umwombe aeleze anachokiona akilini, bila kumuuliza kama "inaeleweka". Kila mtu hujibu kwamba inaeleweka. Akisema picha kali ni picha nzuri, au kwamba maumivu makali ni yale yanayomlaza mtu kitandani, umeshajua ni mstari upi wa kurudia.